Kiko Wapi?

Mwezi Januari mwaka jana niliomba ruhusa ya siku moja kazini ili nikashughulikie hati za binti yangu katika ofisi moja ya umma hapa Nairobi. Nilipanga foleni kabla ya saa mbili asubuhi, na ilipotimia saa nne u nusu nikafika dirishani, ambapo karani aliniomba kwa upole cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nilifungua bahasha niliyokuwa nimeibana kwapani tangu alfajiri, nikatoa cheti, nikakitazama, na mwili ukanifa ganzi, kwa maana kilikuwa cha mdogo wake. Stima ilikuwa imekatika usiku ule, nami nilikuwa nimepapasa ndani ya mfuko wa hati kwa mwanga wa simu huku nikiwahimiza watoto wavae viatu. Nilirudi Donholm, nikapekua nyumba nzima, na cheti nilichokihitaji nikakipata saa tisa alasiri ndani ya kitabu cha hadithi, ambamo mmoja wetu, na pengine ni mimi mwenyewe, alikuwa amekitia ili kisikunjike. Siku yangu ya ruhusa ikawa imekwisha pasipo jambo lolote kutendeka.

Siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kuhesabu. Usiku nilichukua daftari lililobaki tangu muhula uliotangulia, nikaazimia kwamba kwa muda wa juma moja, kila mara mtu atakapouliza nyumbani kwangu "kiko wapi?", nitaandika kitu kilichotafutwa, dakika zilizopita kabla hakijaonekana, na jina la aliyeulizwa. Safu hiyo ya mwisho niliiongeza bila kufikiri sana, na ndiyo iliyokuja kunifunza zaidi ya zile nyingine mbili.

Kufikia Jumapili kurasa nne zilikuwa zimejaa. Mlikuwa na rula, mkasi, kifuniko cha sufuria ndogo, kadi ya kliniki, chaja, sindano ya kushonea, namba ya mita ya stima ambayo bila hiyo huwezi kununua tokeni, na ufunguo wa kufuli la tangi la maji, ambao peke yake ulitafutwa mara tano. Nilipoitazama safu ya tatu niliona kwamba karibu kila swali lilikuwa limeulizwa kwangu. Mume wangu aliniuliza, watoto waliniuliza, dada anayetusaidia kazi za nyumbani aliniuliza, nami nilijibu nikiwa jikoni, nikiwa bafuni, na hata nikiwa ndani ya matatu, simu ikiwa sikioni huku kondakta akinidai nauli. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu mwenye mpango kwa kuwa nilijua vitu viliko. Daftari lilinionyesha kwamba nyumba yetu haikuwa na mpango wowote ila mimi, na kwamba siku nitakapolazwa hospitalini au nitakaposafiri, mpango huo utaondoka nami kama nguo niliyoivaa.

Jambo hilo lilinirudisha Majengo, Pumwani, nilikolelewa na nyanya yangu mzaa mama katika moja ya zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, katika mtaa ulioanza miaka ya 1920 na ambao ni miongoni mwa mitaa ya kale zaidi ya Waafrika katika jiji hili. Nyanya aliuza mahamri na mbaazi kibarazani. Wateja wake wa kwanza walikuwa wafanyabiashara wa Gikomba, watu ambao hufungua marobota ya mitumba kabla jua halijachomoza na ambao hawana nafasi ya kungoja mtu anayetafuta kiberiti. Mahamri ya kwanza yalipaswa kuepuliwa mara tu watu walipokuwa wakitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, na sikumbuki hata siku moja ambapo yalichelewa.

Sikuwahi kumwona akikimbia. Kazi yote aliimaliza usiku wa kuamkia siku hiyo, na aliianza kwa kile kilichoweza kujiendea chenyewe. Alikanda unga kwa hamira, sukari, iliki aliyoitwanga mwenyewe na tui la nazi, akaufunika, akauacha. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni wa baridi kali, kwa hiyo unga hauumuki kwa wepesi wa Mombasa, kule alikozaliwa mama yake. Kuanzia Juni hadi Agosti alikanda mapema, kabla ya magharibi, na beseni akalifunga kwa blanketi kuukuu kando ya jiko lililobaki na majivu yenye moto, ilhali Januari na Februari aliweza kungoja hadi baada ya isha. "Unga unajiumukia wenyewe, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia ninapotaka kuukodolea macho. "Wewe lala." Nimeajiriwa kwa miaka kumi na minne sasa, nimehudhuria semina nyingi kuhusu matumizi ya muda, na sijasikia ndani yake jambo lililonifaa kuliko hilo, kwamba ziko kazi zinazohitaji mikono yako tangu mwanzo hadi mwisho na ziko zinazohitaji kuanzishwa tu, na kwamba hizi za pili zianzishwe kwanza, ili ziendelee huku ukifanya zile nyingine au ukiwa usingizini.

Unga ukishafunikwa, alitayarisha jiko. Makaa yalipangwa tayari, kiberiti kiliwekwa juu ya kizingiti cha dirisha upande wa kulia, sarafu za chenji zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na ukutani palikuwa na misumari mitatu iliyopigiliwa kwa urefu tofauti, wa juu wa karai, wa kati wa kichujio, na wa chini wa kitambaa cha kushikia vyombo vya moto. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili aliugua homa, akashindwa kuinuka. Mimi na binamu yangu tuliamka gizani, taa hazikuwaka, na tukasukuma, tukakata, tukakaanga na kuuza mahamri yote pasipo kumwuliza swali hata moja, kwa kuwa mkono ulipoinuliwa katika lile giza ulikuta kichujio mahali pake. Nyanya alijua herufi za Kiarabu za msahafu wake na hakujua nyingine, wala hakuwahi kuandika ratiba. Mpango wake aliutundika kwenye misumari, na kila aliyeingia jikoni aliweza kuushika kwa mkono.

Kazini nilishuhudia kinyume chake. Nafanya kazi katika masijala ya kampuni moja ya bima huko Upper Hill, na nilipoanza tulikuwa chini ya mzee mmoja mwenye kumbukumbu ya ajabu. Afisa alikuja mlangoni akataja jina la mteja, na mzee akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye rafu, akarudi na jalada mkononi. Sote tulimstaajabia. Alipostaafu tulimfanyia karamu, tukampa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata tukagundua kwamba majalada yalikuwa yamepangwa kwa kanuni alizozijua yeye peke yake. Madai ya ajali za barabarani ya miaka fulani yalikuwa kando ya dirisha kwa sababu rafu nyingine ilikuwa imevunjika zamani, na wateja wenye kesi mahakamani walikuwa kabati la chini kwa sababu wakili mmoja alikuwa akija kila Ijumaa kuwaulizia. Kwa wiki kadhaa tulifanya kazi ya kutafuta badala ya kazi tuliyoajiriwa kuifanya, na wateja waliosubiri malipo yao walisubiri zaidi. Mzee hakuwa na kosa lolote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba aandike alichokijua. Tulikuwa tumeridhika kumwuliza.

Tulilazimika kuanza upya, na tulichokitumia ni utaratibu uliotoka katika viwanda vya Japani, ambako unajulikana kwa maneno matano yanayoanza kwa herufi S: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Katika hospitali za Tanzania maneno hayo yamepewa mavazi ya Kiswahili ambayo kwangu yanapendeza kuliko yale ya asili, kwani yamebaki na herufi ileile ya mwanzo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kusasambua ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika, na kuseti ni kukipa kila kinachohitajika mahali pake. Kusafisha kunajieleza. Kusanifisha ni kuufanya utaratibu uwe mmoja kwa watu wote, na kushikilia ni kutouacha baada ya mwezi mmoja. Watu wengi, nami nikiwamo, hukimbilia la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Tulinunua folda mpya na lebo za rangi, tukaanza kupanga kwa uzuri majalada ambayo muda wake wa kuhifadhiwa ulikuwa umepita zamani na ambayo yalistahili kuondolewa rafuni kwa idhini ya wakubwa. Tulipanga takataka kwa juma zima kabla hatujasimama na kurudi kwenye kusasambua.

Yapo mambo mawili madogo ya masijala ninayomshauri kila mtu ayaige, hata kama hana majalada ya kutunza. La kwanza ni kadi ya kujaza pengo. Kila anayechukua jalada huacha mahali pake kadi ngumu ya rangi ya chungwa, iliyoandikwa jina lake na tarehe, hivyo anayekuja nyuma yake hakuti pengo tupu linalomlazimu kuzunguka ofisi nzima akiuliza, bali hukuta jibu. La pili linahusu majina ya faili kwenye kompyuta. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu kamili, kama 2025-03-07, halafu ndipo uandike faili inahusu nini. Kompyuta husoma jina kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo faili zilizotajwa hivyo hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati, lakini ukitanguliza siku, ya saba Machi itakaa pamoja na ya saba Desemba ya mwaka mwingine. Neno "mpya" katika jina la faili halina faida yoyote, kwa maana kila faili ilikuwa mpya siku ilipoandikwa.

Kuhusu ratiba za kugawanya siku katika vipande vya robo saa, ambazo husifiwa sana, maoni yangu ni kwamba hazikutungwa na mtu anayepita Jogoo Road. Mvua ya nusu saa hufanya nauli ipande na magari yasimame, na ratiba iliyobanwa hivyo huvunjika kabla ya saa mbili asubuhi, ikamwacha mwenyewe na hisia ya kushindwa siku nzima. Mimi hupanga vitu kwa ukali na saa kwa ulegevu. Asubuhi natumia treni ya abiria inayotoka Embakasi Village na kupitia Donholm hadi stesheni kuu, kwa sababu haishindani na magari barabarani, kisha natembea hadi Upper Hill.

Jambo moja la saa linalotufaa sisi wa hapa ni kwamba tunaishi karibu kabisa na ikweta. Jua la Nairobi huchomoza mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa zaidi katikati ya Februari, na tofauti kati ya siku hizo ni takriban nusu saa tu. Hesabu yetu ya saa, inayoanza moja baada ya kucha, imesimama juu ya uthabiti huo. Watu wa nchi za kaskazini hulazimika kubadilisha mazoea majira yanapobadilika, ilhali zoea la alfajiri likishakita mizizi katika nyumba ya hapa linaweza kudumu tangu Januari hadi Desemba. Kwa hiyo naona inafaa kutumia nguvu nyingi mara moja kulijenga.

Nyumbani nilianza kwa misumari. Nilipigilia minne kando ya mlango, nikaandika juu ya kila mmoja kwa kalamu nene: lango, tangi, duka, akiba. Namba ya mita ya stima niliibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati la vyombo, pamoja na namba ya fundi wa bomba na siku za mgao wa maji katika mtaa wetu, kwa maana maji yakija usiku wa manane na hakuna anayejua kwamba ndiyo siku yake, madumu yatabaki makavu hadi zamu nyingine, na familia itatumia saa nyingi za juma hilo kununua maji kwa mikokoteni. Hati zote niliziweka ndani ya folda moja yenye sehemu nne, moja kwa kila mtu, na kila sehemu ina orodha ya vilivyomo kwenye ukurasa wa kwanza. Anayetoa cheti huacha kadi ya rangi ya chungwa, kama kule masijala. Picha za hati hizo zimo katika simu yangu na ya mume wangu.

Folda hiyo imenifaa hata katika kodi. Kila mfanyakazi mwenye PIN anapaswa kuwasilisha ritani ya mwaka uliotangulia kufikia tarehe 30 Juni, na kila mwaka ifikapo juma la mwisho la mwezi huo utawaona watu wazima wakihangaika kuitafuta fomu ya P9, ile inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, na neno la siri walilolisahau. P9 yangu nikiipokea kwa mwajiri mwanzoni mwa mwaka, naiweka katika sehemu yangu, na jioni hiyohiyo nawasilisha ritani. Kazi ni ileile, lakini mwezi Februari hainigharimu hata nusu saa.

Jikoni tulifuata njia ya nyanya yangu. Maji ya Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wetu, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za selsiasi badala ya 100 za pwani, na ndiyo sababu maharagwe na mahindi ya githeri huchukua muda mrefu kuiva hapa kuliko Mombasa hata kama moto ni uleule. Mtu anayerudi saa moja jioni na kuanza kuchemsha maharagwe makavu hataweza kuyala kabla ya saa nne. Kwetu maharagwe hulowekwa Ijumaa usiku, huchemshwa Jumamosi katika sufuria kubwa tukiwa tunafua, kisha hugawanywa katika vibakuli vya mlo mmoja mmoja na kuwekwa kwenye jokofu. Siku ya kazi kinachobaki ni kitunguu, nyanya na dhania. Asiye na jokofu anaweza kuyaloweka asubuhi anapoondoka, na hilo pekee litampunguzia muda wa moto na gharama ya gesi kwa kiasi kikubwa. Kuloweka hakuchukui hata dakika mbili, lakini lazima mtu akumbuke, na kwa hiyo tumeandika kwenye ubao mdogo wa chaki kando ya jokofu: Ijumaa, loweka.

Ubao huo ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote tulivyonunua na ndicho chenye manufaa zaidi. Kanuni yake ni moja: anayemaliza kitu ndiye anayekiandika. Zamani aliyemaliza chumvi aliniambia mimi, nami nikaibeba chumvi hiyo kichwani pamoja na sabuni, mafuta, dawa ya meno na mkutano wa wazazi, mpaka nilipofika dukani nikawa nimeisahau.

Shule ilikuwa na ugumu wake. Wazazi wenye watoto katika mtaala wa umilisi, ulioenea katika madarasa ya chini ya nchi nzima mwaka 2019, wanaujua vizuri ule ujumbe unaoingia kwenye simu saa mbili usiku, ukieleza kwamba kesho mtoto aje na karatasi ya manila, mbegu za aina tatu, kifuniko cha chupa na kamba. Siulaumu mtaala kwa hilo, maana nimeona binti yangu akijifunza kwa mikono mambo ambayo mimi niliyakariri bila kuyaelewa. Lakini nimetembea gizani nikigonga maduka yaliyofungwa, na saa hizo zilipaswa kuwa za usingizi. Hatimaye nilikwenda Kamukunji, kwa wale mafundi wa jua kali ambao milio ya nyundo zao husikika kutoka mbali, nikanunua sanduku la bati kama yale ya wanafunzi wa bweni. Humo tunatia, mwaka mzima, kila kilicho safi na kinachoweza kuhitajika: vifuniko, maboksi ya dawa ya meno, vipande vya kitenge, mbegu ndani ya vikopo, uzi, gundi, rangi na manila kadhaa zilizokunjwa. Ujumbe ukija, watoto hufungua sanduku kabla ya kunifungulia mimi mdomo. Mara nyingi wanachokitaka kimo, na kisipokuwemo wanajua kilicho karibu nacho.

Masomo yenyewe nayo hupotezewa muda kwa kukosa mpango, nami nasema hivi nikiwa mwanafunzi pia, kwa kuwa Jumanne na Alhamisi jioni nahudhuria darasa la diploma katikati ya jiji. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi tunavyosahau kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, na jinsi marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanavyofaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mimi hurudia somo la Jumanne ndani ya treni siku ya Jumatano, na tena Jumanne inayofuata kabla ya mwalimu kuingia. Mtihani ukikaribia sikeshi. Binti yangu hutumia dakika 25 za kusoma na tano za kupumzika, mtindo ulioanzishwa na Mwitaliano Francesco Cirillo kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na simu yake hukaa sebuleni kwa dakika zote hizo.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi haikuwa ya misumari wala folda. Ilikuwa kujizuia kujibu. Mwanangu alisimama mbele ya sanduku la bati lililo wazi akaniuliza gundi iko wapi, na ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye jibu kabla sijaukamata. Mume wangu alinipigia simu kuuliza namba ya mita, nami niliijua kwa moyo, nikamwambia: "Baba watoto, ifungue kabati." Alinyamaza kidogo, kisha nikasikia mlango wa kabati ukilia. Kila mara nilipokataa kujibu niliona uchungu ambao sikuutarajia. Kuulizwa mara arobaini kwa siku kunachosha, lakini pia kunamfanya mtu ajue kwamba anahitajika, na mimi nilikuwa nimeupenda uchovu huo kuliko nilivyokubali. Nilizungumza na mume wangu usiku mmoja kuhusu jambo hili, naye akaniambia kwamba hata yeye alikuwa akiuliza wakati mwingine kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutazama, na kwamba hakuwahi kufikiria kuwa kila swali lake lilikuwa likinitoa katika jambo nililokuwa nikilifanya. Tangu usiku huo maji ya mgao ni jukumu lake, tangu kujua siku hadi kufunga tangi, na sijamkumbusha hata mara moja. Naamini kwamba nyumba nyingi za jiji hili zina mwanamke mmoja anayebeba kichwani orodha nzima ya familia, na kwamba kumsifu kwa kumbukumbu yake, kama tulivyomsifu yule mzee wa masijala, ni kumwacha na mzigo wake.

Daftari langu nililirudia mwezi Septemba, kwa juma moja tena. Maswali hayakuisha, lakini yalitosha ukurasa mmoja pamoja na mistari michache, na katika safu ya tatu jina langu lilionekana mara saba.

Alhamisi iliyopita darasa lilichelewa kwisha, mvua ikanyesha, nami nikakaa kwenye matatu iliyosimama Jogoo Road hadi saa nne usiku. Nilikuwa nimeishika simu mkononi muda wote kwa mazoea. Haikulia. Nilipofungua mlango nilikuta madumu yamejaa, chakula changu kimefunikwa mezani, sare za shule zimetundikwa, na watoto wamelala. Kwenye ubao, chini ya mwandiko wa binti yangu uliosema sukari, palikuwa na maneno ya mwanangu, ambaye ndio kwanza ameanza kuandika bila kuinamisha herufi: gundi imebaki kidogo.